Asilimia Thelathini

Saa kumi na moja alfajiri Ihumwa ina baridi ya mawe.
Nawasha mashine, nangoja taa ya nne iwe kijani.
Wanga umelala kwenye tanuri tangu jana,
kwa sababu wanga haujui kwenda popote bila kubeba maji,
na maji yakifika kwenye joto
filamu hutoka na malengelenge
kama mkono uliomwagikiwa uji.

Napima. Muhogo wa Manchali, kilo tatu.
Plastiki ya punje, ile nyeupe iliyokuja na meli, kilo saba.
Gliserini kidogo, ya kuwalainisha wasigombane,
maana hawa wawili hawakuzaliwa kupendana:
mmoja anayaita maji, mwingine anayakimbia,
na sisi tumewafungisha ndoa
kwa nyuzi mia moja na sitini,
bila posa, bila mashahidi,
parafujo tu inazunguka.

Kisha puto linapanda.
Hapo huwa nanyamaza.
Linatoka kwenye mdomo wa chuma, linavimba, linaikaribia rola ya juu;
si angavu kama lile la zamani,
lina rangi ya maziwa yaliyotiwa maji,
na karakana nzima inanukia ukoko wa ugali.
Mdachi wa zamu ya asubuhi anasema
kazi hii itamuua kwa njaa.

Mteja alikuja Oktoba, mwenye karanga za Hombolo.
Akavuta, ikachanika.
Akavuta nyingine, ikachanika kwa upande.
"Hii si ya kufungia karanga, hii ya kufungia maneno."
Tukashusha wanga: arobaini, thelathini na tano,
thelathini.
Hapo ikamvumilia.
Injinia Lemanya akaagiza mhuri siku ileile:
jani la kijani, na chini yake neno moja,
INAOZA.

Sikubisha.
Nilikata vipande kumi na viwili,
nikavifunga uzi mwekundu nisije nikavipoteza,
nikavifukia Manchali kwenye tuta la karanga la mama
kabla ya mvua ya kwanza.
Mama akauliza napanda nini.
Mfuko, nikasema.
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Nyemo, utavuna rambo?"

Mvua yetu ina mkono wa birika.
Ilinyesha Desemba, ikatusahau Januari,
ikarudi Februari na hasira za mdai.
Mwezi wa nne, tukivuna, nilifukua.
Uzi mwekundu ulikuwepo.
Vipande vilikuwepo.
Wanga haukuwepo.
Vijidudu vya udongo vilikula fungu lao kwa adabu,
tundu kwa tundu, vikaniachia wavu
mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Nilipoukunja ukavunjika,
ukawa unga mweupe,
ukaondoka na upepo kuelekea zizi la mbuzi wa kina Chedego.

Mbuzi mmoja alikohoa.
Labda ni vumbi tu. Manchali mbuzi hukohoa.

Njia nzima ya kurudi nilipiga hesabu.
Thelathini imeoza, hilo si uongo.
Na sabini?
Zamani ningeiona imenasa kwenye miiba,
ningeikusanya, ningeitukana.
Sasa nimeisaidia kuwa ndogo.

Wavu mmoja uliobaki mzima niliubana kwenye daftari la zamu,
nikauweka mezani kwa Lemanya, kando ya mhuri.
Aliuinua dirishani.
Jua likapita kwenye matundu yote,
likamwachia madoa usoni.
"Mteja ameshalipa?" akauliza.
Nusu.
Akautia mhuri kwenye droo. Droo hakuifunga.

Leo nimefika kabla ya Mdachi.
Nimepima wanga kilo tano,
na ile ya meli nimeipunguza mpaka mkono ukasita.
Puto limepanda shingo moja, likapasuka,
likalala juu ya chuma kama kitambaa kilicholowa.
Nimeliokota lingali moto.
Nimeandika saa, nimeandika nyuzi,
nimeandika limepasukia wapi.
Kisha nimejaza tena pipa.